Ngozi ya Nguruwe Migombani

Wenseslaus hakuwahi kumsifu mbwa kwa sababu ya meno. Meno kila mbwa anayo, alikuwa akisema, hata yule anayeiba nyama jikoni. Yeye alisikiliza sauti. Kule kwenye shamba lake la Kahe, ambako nguruwe pori hutoka kwenye matete ya mtoni na kulaza mahindi kama wamepitisha trekta, mbwa wake walikuwa na kazi moja: kumzingira nguruwe, kukaa mbali naye, na kubweka mpaka mwenye mkuki afike. Kwa sauti zao alijua mnyama yuko wapi na ameelekea wapi.

Kila uzao aliupima kwa namna moja. Ngozi kavu ya nguruwe ilifungwa kamba na kuburutwa migombani. Mtoto wa mbwa aliyesimama akabweka alibaki. Aliyeruka na kung'ata kimya alipewa mtu wa kulinda nyumba, na hakuruhusiwa kuzaa. Mkewe Dominika ndiye aliyevuta kamba miaka yote ya ndoa yao, huku mumewe amechuchumaa, macho kafumba, anasikiliza. Majirani wa nyumbani kwao Kilema waliwacheka.

"Wense anawasalisha mbwa rozari!"

Hakukasirika. Aliimba besi kwenye kwaya ya parokia, na alisema sikio la kwaya na la mbwa ni lile lile.

Kisha alilazwa hospitalini kwa ajili ya macho. Jike lake Nyota na dume lake Pasua akamwachia mdogo wake Basili, anayeishi Kiboriloni. Nyota alirudi na mimba.

"Ni ya Pasua, kaka," Basili alisema. "Nilikuwepo."

Watoto walipokua wakapimwa, hakuna aliyebweka. Waliirukia ngozi na kuichana kimya. Wenseslaus alimwita Basili tena, akamwuliza tena. Basili akaapa kwa kaburi la mama yao. Mtu anayeapa hivyo humwiti mwongo, basi Wenseslaus akabaki nao wale mbwa. Alimwambia mkewe, "Kama ni damu ya Pasua, sauti itakuja."

Msimu wa mahindi ulipofika aliteremka Kahe na mmoja wao, Kamanda. Wale mbwa wazee aliwaacha nyumbani makusudi, kwa kuwa alitaka kumsikia Kamanda peke yake. Kamanda akaingia kwenye matete. Wenseslaus akasimama ukingoni, anangoja sauti. Haikuja. Aliyekuja ni nguruwe, kwa nyuma yake, mbwa ananing'inia kwenye sikio. Jino la nguruwe lilimpasua Wenseslaus paja, na damu ikaisha kabla pikipiki iliyombeba haijafika barabarani. Mbwa naye alifia pale pale.

Walimzika Wenseslaus kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, kando ya baba yake. Watu wakamwambia Dominika kwamba ni mapenzi ya Mungu. Aliitikia, lakini moyoni aligombana na Mungu asubuhi hadi jioni.

Siku ya kuanua matanga alifika mgeni kutoka Machame, jina lake Eliufoo. Huko kwao nguruwe hushuka kutoka msituni, na alikuwa amesikia sifa za mbwa wa marehemu.

"Pole na msiba, mama."

"Asante, baba. Nimeshapoa."

Hakuwa amepoa. Basili, kata ya mbege, pombe ya ndizi, mkononi, alimvuta mgeni mpaka walipofungwa ndugu wawili wa Kamanda. "Hii ndiyo mbegu ya Wense yenyewe! Tazama kifua hicho. Kaka yao hakuliachia sikio la nguruwe mpaka kufa."

"Baba yao ndiye yule?" Eliufoo alimnyooshea kidole Pasua, mdogo wa umbo, amejilaza kwenye majivu.

Basili akacheka. "Kale kakondefu? Baba yao ni dume la getini, pale yadi ya mbao ninapofanya kazi. Nilimpelekea Nyota mimi mwenyewe. Nilitaka kumboreshea kaka, watu waache kuvicheka vijibwa vyake."

Dominika alikuwa anapita na sinia la ndizi. Akaliweka chini.

"Rudia."

"Ah, shemeji, mambo ya mbwa..."

"Rudia, Basili! Uliapa kwa kaburi la mama yako!"

Basili aliangalia mbege yake. Dominika hakungoja. Aliingia bandani akatoka na ile ngozi, akawafungua wale mbwa, akaiburuta migombani huku kitenge cha msiba kikimvuka. Mbwa wakaruka, wakaikamata, wakaichana.

"Wakali kweli!" Eliufoo akasema.

"Usitazame. Sikiliza."

"Nisikilize nini, mama? Sisikii kitu."

"Hicho ndicho alichosikia mume wangu."

Mgeni alielewa. Akarudi nyuma hatua, mkono kinywani.

"Shemeji, siku yake ilikuwa imefika," Basili akasema kwa sauti ndogo. "Mungu ndiye..."

"Usimsingizie Mungu! Nimemlilia Yeye, nikamwuliza nimekosa nini, na wewe umekaa hapo unakunywa, unanijibu kwa niaba yake! Mungu hakumpeleka Nyota yadi ya mbao. Mungu hakuapa. Na leo unataka mtu mwingine afe Machame, kwa jina la Wense?"

Hakuna aliyemtetea Basili, hata shangazi yake.

"Wachukue," Dominika alimwambia. "Wafunge getini, wafanye kazi ya baba yao. Ukimpa mtu wa mawindo hata mmoja, nitakutaja kanisani kwa jina." Akamgeukia Eliufoo. "Wewe baba, ngoja. Nyota akizaa na Pasua nitavuta kamba, na utasikiliza mwenyewe."

Jioni katekista aliongoza rozari ya mwisho. Basili alipiga magoti nyuma kabisa. Kwenye Baba Yetu Dominika alisali na wenzake, neno kwa neno, hadi mahali pa kuwasamehe waliotukosea. Hapo alifunga mdomo. Wengine walipofika kwenye "usitutie katika kishawishi" akajiunga nao tena. Ilikuwa hivyo katika kila fungu la rozari, na katekista alimwona, akaendelea kusalisha.