Gunia la Akiba Nililolikagua Mwenyewe

Nilichukua mimi. Kwa miaka tisa nilisema sikuchukua, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia, nilisema hivyo kwa sentensi nzuri zenye mpangilio mpaka watu wakaacha kuuliza. Naanza na hili ili msomaji asije akanidhania mtu wa maana kabla hatujafika mbali. Gunia la pili la korosho katika stoo ya mama yangu kijijini Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, nililifungua mimi, nikaziuza korosho zake mimi, na nikalishona tena mimi kwa sindano ya shazia, likiwa limejaa maganda.

Nieleze lilikuwa gunia gani. Tangu baba afariki, familia yetu ilikuwa na utaratibu. Kila msimu, korosho zikishaanikwa na kuchaguliwa, zilipelekwa kwenye ghala la chama cha ushirika zikasubiri mnada kama za watu wengine. Magunia mawili tu hayakwenda. Yalibaki stoo, juu ya mbao ili yasiguse sakafu, na msimu uliofuata ya zamani yalitoka yakaingia mapya. Hayo yalikuwa ya shida. Siyo shida ya sare za shule wala mchango wa harusi. Mama alitaka shida inayojitaja yenyewe: ugonjwa, msiba, nyumba kuanguka. Kuyagusa kulihitaji tukae sisi watatu, mama, mimi na mdogo wangu wa kiume anayeishi naye, tukubaliane kwa kauli moja. Ufunguo alikaa nao mama. Mimi, kwa sababu ya shahada yangu, nilipewa ukaguzi. Kila mwisho wa mwezi nilitoka kwangu Chuno, mjini, nikakabidhiwa ufunguo, nikaingia stoo peke yangu, nikayatazama magunia, nikaandika kwenye daftari: "Magunia mawili. Yameonekana." Sikuwahi kuyanyanyua. Nilijua neno la kitaalamu la kila kitu kilichokuwa mle ndani, na niliona hilo linatosha.

Mwaka ule nilikuwa nachapisha kitabu cha insha zangu kwa gharama zangu mwenyewe, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyejitokeza. Mchapaji alitaka fedha iliyobaki au azuie nakala. Kitabu kilihusu uwajibikaji. Kilikuwa na insha nzima ya kulaani kangomba, yaani kuuza korosho kwa bakuli kwa mnunuzi wa pembeni, nje ya ushirika, jambo lililokatazwa na linalomnyonya mkulima. Niliiandika vizuri sana. Kisha nikaenda kuuza gunia la mama kwa kangomba, bakuli baada ya bakuli, kwa mtu aliyeninyonya sawasawa na nilivyoeleza ukurasa wa arobaini. Maganda niliyapata bure kwa wanawake wanaobangua korosho mtaani kwetu. Nilisema ni ya kuwashia moto. Juu nikaweka tabaka la korosho nzima. Nilikuwa na nia ya kurudisha msimu ukifika, na kitabu kingekuwa kimeuzwa. Nakala bado ninazo, kwa anayehitaji.

Shida haikusubiri msimu. Mwezi wa nne ulivuma upepo uliong'oa mabati ya upande mmoja wa nyumba ya mama, tukakaa kikao, tukakubaliana kwa kauli moja kufungua. Gunia la kwanza lilikuwa zima. La pili mdogo wangu alilibeba kwa mkono mmoja, akasimama nalo katikati ya uwanja, akatutazama. Lilikuwa jepesi mno. Yeye ndiye aliyekuwa akilala chumba kilichopakana na stoo, na yeye ndiye aliyekuwa amenunua pikipiki iliyotumika mwezi uliotangulia. Akasema hajui kitu. Mama akaitazama pikipiki. Nikaombwa nichunguze, nikachunguza kwa wiki mbili, nikaandika taarifa ya kurasa tatu iliyohitimisha kwamba mhusika hakuweza kuthibitika. Naifahamu vizuri lugha hiyo. Inamwacha mtu bila hatia na bila heshima.

Mabati yaliezekwa kwa gunia moja na deni. Mdogo wangu hakufukuzwa wala hakutukanwa, lakini tangu hapo, korosho zilipokwenda kupimwa, mama alimtuma binamu aandamane naye. Miaka tisa binamu ameandamana naye.

Sasa, mimi ni mtu ninayefuatilia Bunge la bajeti kama wengine wanavyofuatilia mpira. Mwezi wa sita redio yangu ya jikoni haizimwi. Napenda mbunge anaposimama na kuuliza, bila kupandisha sauti, kisima kilichotengewa fedha mwaka juzi kiko kijiji gani, na waziri akaomba apewe muda alete majibu. Napenda kifungu kusomwa baada ya kifungu. Nimeandika makala nyingi kuhusu hilo, hasa kuhusu wazo la taifa kujiwekea mfuko wa akiba, kwamba miaka ambayo gesi na mazao vinaleta fedha, sehemu iwekwe kando kwa ajili ya miaka mibaya. Siku zote nimesema kuweka siyo kazi. Kazi ni kujua nani anafungua, kwa sababu gani, na nani anamuuliza.

Kwa hiyo wabunge wa kamati moja walipokuja Mtwara mwezi wa sita uliopita kukusanya maoni ya wadau juu ya jambo hilohilo, nilialikwa. Nilivaa gauni la kitenge lenye hadhi. Ukumbi ulijaa, wengi wao wakulima, na redio ya mjini ilikuwa ikirusha moja kwa moja. Mtaalamu aliyefungua mjadala alieleza kwamba nchi nyingine mfuko huo wanauita wa siku ya mvua, akaanza kutafuta namna ya kufafanua, na kabla hajaipata ukumbi ulikuwa umeshaelewa. Mvua ikinyesha mwezi wa kumi juu ya korosho iliyoanikwa, hapa hakuna anayehitaji mtaalamu.

Ilipofika zamu yangu nilisema mambo ya busara. Nilisema fedha isitoke bila Bunge kujua kabla, siyo kuarifiwa baada. Nilisema anayefungua asiwe anayekagua. Halafu, kwa kuwa niliona macho ya wajumbe yameanza kulegea, nikatoa mfano. Nikawaeleza magunia mawili ya mama yangu, kikao cha watu watatu, upepo, maganda. Nilisimulia vizuri. Nilisema: mtu mmoja wa familia.

Mbunge mmoja, mama wa umri wangu aliyekuwa ameketi pembeni akiandika, aliinua kalamu.

"Huyo mtu mlimpata?"

"Hapana, mheshimiwa. Haikuthibitika."

"Na mkaguzi wenu, alikuwa analinyanyua hilo gunia?"

Nikasema alikuwa analiona.

Watu walicheka, naye akacheka kidogo, akaandika kitu. Aliendelea kwa utaratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Akauliza mkaguzi aliteuliwa na nani, akauliza aliingia stoo na nani, akauliza taarifa yake alisomewa nani. Nikajibu yote bila kusema mkaguzi ni nani. Alinishukuru kwa mfano mzuri. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa nimeridhika sana, hilo nalo nalikiri, maana kwa muda ule nilijisikia mwanamke aliyelisaidia taifa.

Kuridhika huko kulidumu mpaka dukani, kesho yake asubuhi. Jirani yangu wa Chuno, ambaye kwao pia ni Naliendele, alikuwa ananunua sukari. Aliniamkia, akanisifu kwa kuongea redioni.

"Umemwanika mdogo wako vizuri," akasema. "Watu walikuwa wameanza kusahau. Na Jumamosi wana uchaguzi."

Sikuwa na habari za uchaguzi. Akanieleza kwamba mdogo wangu anagombea ujumbe wa bodi ya chama chao cha ushirika, kwamba safari hii watu walikuwa wanamtaja vizuri kwa kuwa ndiye aliyewapigania mizani isimamiwe na wanachama wenyewe, na kwamba tangu jana yake jioni hakuna aliyezungumza kingine ila maganda. Kuna mzee alisema hadharani hawezi kumpa ghala mtu aliyeshindwa na stoo ya mama yake. Mdogo wangu alikuwa pale. Alisikia, akaendelea kufunga pampu yake ya kupulizia mikorosho kwenye pikipiki.

Hakunipigia. Angenipigia akanitukana ningepata cha kujibu. Nilirudi nyumbani, nikazima redio ya jikoni katikati ya hotuba ya wizara, na kesho yake, Alhamisi, nikaenda Naliendele.

Mama alikuwa ametoka kuswali alasiri. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwambia palepale nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza na utangulizi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza bakuli niliuza shilingi ngapi.

Nikamwambia.

"Zile za daraja la kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Nilizichagua moja moja kwa mkono." "Umeniibia, sawa. Lakini mwanangu, kwa bei hiyo?"

Nadhani ningevumilia matusi. Bei ndiyo iliyonikalisha chini.

Mdogo wangu alifika kutoka kwenye mikorosho, pampu mgongoni, uso na nyusi zimekuwa za njano kwa unga wa salfa, dawa ya mikorosho, kitambaa kimefungwa puani. Alikitoa. Nikarudia yote mbele yake, mara hii nikiwa nimeketi kwenye mkeka. Nilitegemea ashangae. Akaenda kunawa, akarudi akijifuta.

"Tulikuwa watatu, dada," akasema. "Nilijua siyo mama. Na nilijua siyo mimi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hiyo.

"Kwa nani? Wewe ndiye uliyekuwa na daftari."

Mama alinyanyuka akaenda kuchochea moto, akakaa huko muda mrefu kuliko ule moto ulivyohitaji. Aliporudi alimwekea mdogo wangu muhogo na samaki kwanza, mbele yangu mimi mgeni niliyetoka mjini, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake. Hakumwomba radhi kwa maneno. Alimwambia kwamba binamu hahitaji kuja tena msimu ukifika, kama mtu anayezungumzia ratiba, naye mdogo wangu akasema haya, mama, akala.

Nikaahidi kuandika barua isomwe kwenye mkutano wa Jumamosi, maana mimi siyo mwanachama na nisingeruhusiwa kuzungumza. Niliiandika usiku uleule, nikaileta Ijumaa. Ilikuwa kurasa tatu. Ilianza na historia fupi ya akiba za kaya katika ukanda wetu. Mdogo wangu aliisoma akiwa ameegemea pikipiki, akaigeuza nyuma kuona kama kuna nyingine, akanirudishia.

"Hii wakiisoma, mpaka wafike unapojitaja watakuwa wameshapiga kura."

Akanikatia karatasi kwenye daftari lake la vipimo vya salfa. Nikaandika juu ya tangi la pikipiki, yeye akinisimamia, kwamba gunia la mama nilichukua mimi, mdogo wangu hakuhusika, nami nilimwacha asemwe. Nikataka kuongeza sentensi moja ya mazingira. Akashika karatasi kabla sijamaliza herufi ya kwanza. Nikatia sahihi yangu ile ninayotia kwenye vitabu.

Jumamosi sikutoka. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilifikiria kwamba wanachama wanaweza kusema dada amejitoa mhanga ili ndugu yake apite, na kwamba ningekuwa mimi ndiye mbunge yule mwenye kalamu, hilo ndilo ningeuliza kwanza. Nilifikiria pia kwamba nikiwa mwongo kwa miaka tisa, karatasi yangu ya mistari mitatu ina uzito gani. Saa saba ikapita. Saa nane nikapika wali nikausahau mpaka ukashika chini.

Simu ililia saa tisa kasoro. Alikuwa mdogo wangu, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi na pikipiki.

"Wamesoma," akasema.

"Wakasemaje?"

Akasema yule mzee aliuliza kwa sauti kama ni yule dada wa redioni, wakamwambia ndiye, na mzee akasema basi hata kwenye redio alikuwa anakagua gunia bila kulinyanyua. Walicheka sana, mdogo wangu akasema, naye akacheka, sikujua kama ananionea huruma au ananilipizia. Halafu wakapiga kura.

"Nimepita, dada. Waliokataa ni kumi na mmoja tu."

Nikamuuliza hao kumi na mmoja ni kina nani, maana nilitaka niwajue niwafuate mmoja mmoja.

"Mmoja ni mama," akasema. "Anasema nikishinda vikaoni, mikorosho yake itapuliziwa na nani."

Nikamsikia mama karibu naye akimwambia aniulize mimi niliyesoma, kura ni ya siri au siyo ya siri.