Kunguru Waliomshika Fatuma

Nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Mji wa Kale kunguru alikuwa shahidi. Nyanya alituambia wazi: kunguru hamsahau mbaya wake, na akimshukia mtu kichwani, mtu huyo ana lake alilolifanya. Hakuna aliyembishia, hata mama yangu aliyesomea ukunga.

Wiki moja kabla ya Idi, nilikuwa peke yangu dirishani ghorofani, nikichambua mchele. Kinda la kunguru lilisimama ukingoni mwa paa la jirani, bado halijui kuruka. Nikalirushia betri kuukuu ya redio. Kwa nini, sijui hata leo. Likaanguka kichochoroni, nami nikarudi kwenye mchele wangu.

Chini alikuwepo binamu yangu Fatuma, niliyelala naye kitanda kimoja. Akaliokota kwa ncha ya leso. Papo hapo kunguru wawili wakamshukia, na tangu siku hiyo hakuweza kutoka mlangoni bila kudonolewa. Mimi nilipita chini yao kwenda chuoni kusoma Kurani na kurudi, wala hawakunitazama.

"Ulilifanya nini?" Nyanya akamuuliza.

"Wallahi Nyanya, nimeliokota tu."

"Kuokota! Kunguru hamwandami mtu kwa kuokota."

"Labda wanataka kumposa," shangazi akasema, na watu wakacheka.

Fatuma hakucheka. Nyanya akakata shauri kwamba Fatuma hatakwenda Makadara kupanda bembea za Idi. Akamfukiza ubani, na kila alipomtuma dukani alimfunga mtandio usoni, yakabaki macho tu. Kunguru wakamwacha.

"Mwaona?" Nyanya akasema. Tuliona, ila mimi sikuelewa nilichokiona.

Kama kunguru anajua, mbona hanijui mimi? Siku ya Idi, juu ya bembea, nikiwa na gauni jipya, nilitazama mbinguni badala ya kufurahi. Hawakuja. Nikaanza kufikiri kwamba labda betri yangu ilikosa, labda Fatuma kweli alifanya kitu. Wazo hilo lilinifaa, nikakaa nalo mpaka nikazaa watoto wanne.

Mwezi uliopita nilikuwa napika. Mwanangu, ambaye kazi yake ni kunisomea maajabu ya simuni nikiwa na haraka, akasema, "Mama, wajua kunguru hukumbuka sura ya mtu? Akikuona umeshika kunguru aliyekufa, anakuchukia wewe."

"Hata kama hukumuua?"

"Atajuaje? Yeye ameona umemshika."

Nikazima jiko. Nikampigia Fatuma, ambaye sasa anakaa Bondeni, nikamweleza yote: dirisha, betri, mchele.

Nikamsikia akivuta kiti.

"Lilikuwa na joto bado nilipoliokota," akasema. "Miaka yote hii nimedhani nililibana mimi, likafa."

"Nisamehe, Fatuma."

"Na ubani wote ule niliofukizwa?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Haya. Nimesikia."

Kama amenisamehe, hakusema, nami sikumuuliza tena.

Nimejaribu kutafuta Nyanya alikosea wapi, na sipapati vizuri. Kunguru hawakusahau, kama alivyosema. Wala hawakusema uongo, walimshika waliyemwona. Aliyejua zaidi ya kunguru alikuwa ghorofani, akichambua mchele.