Kamba ya Waipa

Juzi mdogo wangu alikuja kunipokea kituo cha mabasi cha Mbezi Luis, na hatujafika mbali mvua ikatushika. Gari lake ni la kisasa. Tone la kwanza likigonga kioo, waipa zinaamka zenyewe bila mtu kugusa kitu. Nikacheka. "Nini tena, dada?" akauliza. Nikamwambia endesha tu. Wewe nitakusimulia, maana yeye hadithi hii haipendi, ingawa ndiye mwenyewe aliyemo.

Tulikulia Buza, enzi hizo barabara yetu yote ni ya udongo. Masika yakianza, mvua ilipiga mabati mpaka redio haisikiki. Mama alichemsha magimbi na chai ya tangawizi, nasi watoto tulipanga ndoo chini ya paa kukinga maji. Hiyo ilikuwa kazi ya kila nyumba. Kwetu palikuwa na kazi nyingine: kuvuta waipa.

Baba alikuwa karani, mtu wa bara, aliyejifunza kuendesha ukubwani, na gari alilonunua lilikuwa limeshachoka. Mota ya waipa ilikufa mapema na fundi akasema spea hana. Baba akafunga kamba ya manila kwenye waipa, ncha moja ikaingia dirisha la nyuma kushoto, nyingine kulia. Mimi nikivuta, kaka yangu analegeza. Yeye akivuta, mimi nalegeza. Tulilowa mpaka kwapani. Na kwa kuwa mikono ya watoto ina mwisho wake, gari nalo halikukimbia kuliko mikono yetu.

Lakini hata kamba isingekuwepo, baba asingekimbia. Kabla ya kutoka alipaka sabuni ya mche kwa ndani ya kioo, akaifuta kwa gazeti, ukungu usishike. Taa aliziwasha mchana, watu wakimpigia kelele kwamba amesahau kuzizima. Lori likiwa mbele aliliacha liende zake. Akitoka kwenye dimbwi aligusagusa breki taratibu ili zikauke. Na kulikuwa na neno alilolisema mpaka tukalikariri kama sala: "Usipoona chini, usiingie." Mtaani walimwita Bwana Kesho, eti ukipanda gari lake utafika kesho. Sisi tuliona haya kweli.

Basi mama akawa na mimba ya mwisho. Uchungu ulimshika alasiri moja, mvua haijapumua tangu asubuhi. Jirani yetu, mama wa pwani aliyeuza vitumbua na kuzalisha wanawake wa mtaa inapobidi, alikuja mbio na kanga zake. Mama akakaa mbele, jirani akabanana nasi nyuma, katikati, akilowa huku na huku. Tukaanza safari ya hospitali, vuta, legeza, vuta, legeza.

Bondeni, kabla hujapanda kuelekea Tandika, maji yalikuwa yamevuka barabara. Barabara inaishia wapi na mtaro unaanzia wapi, huwezi kujua. Baba akasimama.

"Shemeji, wangoja nini?" jirani akafoka. "Mtoto hangoji maji haya! Pita!"

Mara teksi ikatupita ikipiga honi, ikaingia, ikayumba kidogo, ikatokea ng'ambo salama salimini. Laiti ingekwama, baba angepata la kusema. Haikukwama.

"Umeona? Yule naye si mwanamume kama wewe?"

Hilo lilimwingia. Akaingiza namba moja, gari likaanza kusogea, nami nikafurahi, sitakuficha. Ndipo mama, macho kayafumba kwa maumivu, akamshika mkono.

"Baba Watoto, chini unapaona?"

"Sipaoni."

"Si ndiyo we unasemaga usiingie? Basi zima gari. Nitazalia hapahapa."

Baba alirudi nyuma mpaka kwenye mwinuko, akazima. Sisi tulitolewa tukasimama kwenye baraza la duka, mama akalazwa kiti cha nyuma. Baba alibaki nje kwenye mvua ametanda kanga dirishani, amewapa mgongo, midomo inacheza. Sijawahi kumwona mtu anaogopa vile. Mimi nilikuwa nalia, kaka ananiambia nyamaza, na yeye analia.

Kisha tukasikia kichanga, na sauti ya jirani: "Uzi! Nipeni uzi wa kufungia kitovu!" Uzi haukuwepo. Baba akaikata kamba ya waipa kwa wembe wa mwenye duka. Jirani akachambua nyuzi zake, akazitumbukiza kwenye maji yanayochemka jikoni kwa mwenye duka, akamfunga mdogo wetu kitovu. Baadaye, tulipofika hospitali, nesi alitugombeza wote, halafu akacheka mpaka akakaa.

Ila kamba ndiyo ilikuwa imekwisha. Bila waipa hatukuweza kwenda popote, ikabidi tusubiri mvua ikatike kabisa, mama amejifunika kanga, mtoto kifuani, jirani akitulisha vitumbua vya asubuhi. Mtaa ulimcheka baba miaka na miaka: Bwana Kesho kazalisha mkewe njiani kwa kuogopa dimbwi. Hakuwahi kujitetea. Hata mimi mpaka leo sijui. Labda tungepita.

Sasa pale bondeni kuna lami na kalavati, na duka limevunjwa. Gari liliuzwa chuma chakavu. Baba alifariki mdogo wangu akiwa bado hajaanza shule, na mdogo huyo ndiye pekee kati yetu watoto ambaye hakuwahi kuivuta ile kamba.

Juzi basi, tukafika mahali maji yamekata njia. Mdogo wangu akasimama. Nyuma yetu honi zikaanza, mmoja akatoa kichwa dirishani akitutukana. Wawili wakatupita, wakavuka salama. Yeye akatazama maji, akatikisa kichwa.

"Mie chini sipaoni," akasema. "Siingii."

Sikumuuliza kajifunzia wapi. Nilishtuka tu nimeshateremsha kioo, na mkono wangu uko nje kwenye mvua, unatafuta kamba.