Nilimchongea Beki Aliyenizidi

Admin, naomba jina langu lisitoke. Mimi ni mzee wa miaka tisini kasoro kidogo, naishi Nguvumali, mke wangu ametangulia. Anayeniandikia ni mjukuu wangu wa kike, nimemwapisha asimwambie mtu.

Haya yameanzia barazani. Vijana walikuwa wanabishana nani beki bora duniani wa kuuchezea mpira, siyo wa kubutua. Wakataja Wazungu, wakataja Wabrazili, nusura washikane mashati. Mmoja akasema, "Nyie mnahangaika na watu wa mbali! Babu Mwinjuma alikuwa anatoka nyuma na mpira mguuni, pekupeku, enzi za mkoloni." Wote wakanigeukia. "Babu, si ulicheza naye? Ni kweli?" Nikasema sikumbuki. Wallahi nakumbuka kila kitu.

Mimi na Mwinjuma, silo jina lake la kweli, tulikuwa mabeki wa timu moja pale Ngamiani miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa na nguvu. Mpira ukija naubutua mpaka nje ya uwanja, watu wanapiga makofi mawili matatu, basi. Yeye anautuliza kifuani, anamngoja mshambuliaji afike, anampiga kanzu, mpira unampita juu ya kichwa, halafu anatoa pasi taratibu kama anamkabidhi mtu kikombe cha kahawa. Uwanja mzima unaita jina lake. Hata mchumba wangu, huyo huyo niliyemuoa, siku moja aliniambia, "Mwenzio anacheza, wewe unafukuza mwizi." Loh! Nilicheka, lakini mbele yake tu.

Wakaja wateuzi wa timu ya jimbo, na nafasi ya beki imebaki moja. Siku hizo kabla ya mechi kubwa tunakaa kambini, nyumbani kwa mzee wa timu. Mwiko mkubwa ni kula nje, hasa mtaa wa wapinzani, maana utalishwa kitu cha uchawi, timu ifungwe. Asubuhi ya mechi ambayo wateuzi wangeitazama, kukawa na khitma ya marehemu shangazi yake Mwinjuma, na nyumba iko mtaa wa wapinzani haswa. Akawa hajui aende au abaki. Mimi ndiye niliyemwambia, "Nenda kamsomee shangazi yako, bwana. Wakikuulizia nitakuficha." Akaenda, akasoma, akala ubwabwa wa khitma kama ambavyo mtu yeyote angekula.

Hata hajarudi, nikijua khitma haikosi ubwabwa, nikamwendea mzee wa timu. "Mwinjuma amekula kwa wapinzani." Sikusema uongo, na ndio ubaya wenyewe. Alivuliwa jezi mbele yetu sote. Alilia, akaapa hakulishwa kitu, nani amsikie? Nikacheza bila yeye, nikateuliwa mimi. Yeye akaenda kukata mkonge Muheza, mpira hakuugusa tena. Mpaka leo anaamini aliyemchongea ni mpishi wa kambi. Alimnunia yule maskini mpaka anazikwa, hata mazikoni hakwenda. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Juzi amekuja kwangu na fimbo yake, anacheka. Vijana wamemwita barazani Ijumaa awasimulie. "Ndugu yangu, uje unishuhudie. Aliyebaki ni wewe tu. Wewe ndiye uliyekuwa tayari kunificha siku ile."

Nitasema ukweli, mnitukane mkitaka. Alipoondoka, kilichonishika kwanza hakikuwa toba. Ulikuwa wivu. Niliteuliwa mimi, nikavaa jezi ya jimbo mimi, mbona hakuna kijana aliyeniita mimi nisimulie? Miaka yote hii, na bado unanichoma!

Nishaurini wanangu. Nisipokwenda, wale vijana watamwona mzee mwongo, na hana shahidi mwingine duniani. Nikienda nikasema kweli kwamba hatukuwa na beki kama yeye, hatakosa mmoja wa kuuliza, "Sasa babu, mbona ulichaguliwa wewe?" Naye Mwinjuma atakuwa amekaa pembeni yangu. Nitamjibu nini?