Robo Tatu Iko Wapi?

Juzi nilipita kwenye shule moja ya Kimanga, nikakuta mwalimu amechora mstari mrefu uwanjani, wenye namba kutoka sifuri mpaka nne. Akamwambia msichana mmoja asimame kwenye robo tatu. Msichana akakimbilia kati ya tatu na nne. Wenzake wakacheka.

"Basi, rudi ukae," mwalimu akasema kwa upole.

"Hapana, mwalimu. Miye sikai mpaka niione."

Akaokota kamba ya mgomba, akaikata urefu wa sifuri mpaka moja. Akaikunja mara mbili, akaikunjua, akaitandaza tena kwenye mstari, kisha akasimama kwenye kunjo la tatu.

"Iko hapa!"

Kicheko kikakoma. Sisi watu wazima tukichekwa hivyo, huwa tunapatetea pale pale tulipokosea mpaka jua linazama.