Dumu la Maji Kisiwani

Mama yangu alibeba maji kwenda baharini. Nalisema mapema ili msomaji ajue nilisafiri na nani, asije akanilaumu kwa hasira niliyokuwa nayo safari nzima.

Mama anaishi Makote, Newala, juu kabisa, ambako kwa miaka mingi maji yalikuwa bondeni na watu walikuwa juu. Ujana wake wote aliteremka mteremko ule alfajiri na kuupanda na ndoo kichwani. Siku nilipomaliza chuo kikuu nilimwuliza anataka zawadi gani. Akajibu, "Nataka nisimame kwenye maji ambayo sikuyabeba." Nikamwahidi bahari. Ahadi ile nikaikalia miaka ishirini na ushee, huku naandika makala kuhusu wajibu wa watoto kwa wazazi wao.

Bahari ya Mtwara iko karibu, najua. Mama alishafika Mtwara mara mbili, zote kwenye msiba, akarudi bila kuiona. Lakini mtu aliyesoma hampeleki mama yake Mtwara. Mimi nilitaka Unguja: fukwe, utamaduni, vyakula. Nikaandika ratiba ya ukurasa mzima, nikaichapa nakala mbili, ya pili nikampa mama, ambaye aliitumia kufungia korosho.

Alifika kwangu Mkomaindo, Masasi, siku moja kabla ya safari, amebeba dumu la njano la lita tano, limejaa maji ya mvua kutoka tangi la nyumbani, mdomo umezibwa kwa nailoni.

"Mama, tunakwenda kisiwani. Kisiwa kimezungukwa na maji."

"Ya kunywa?"

Nikajaribu kumtua lile dumu.

"Unakwenda ugenini bila maji," akasema, "wewe umelelewa na nani?"

Basi lile dumu likapanda gari Masasi, likalala Dar es Salaam, likapanda boti. Njiani nilipoona kiu nikalisogelea. Mama akanipiga kikofi mkononi. "Hayo ni ya huko."

Siku ya kwanza ilikuwa ya utamaduni. Kiongozi wa watalii alitusimamisha mbele ya mlango wa nakshi, akaueleza kwa muda ambao fundi wa kule kwetu Ndanda angekuwa ameshachonga mwingine. Mama alikaa barazani na dumu lake mapajani. Kiongozi alipouliza kama tuna swali, mama akauliza choo kiko wapi. Chakula cha mchana kilikuwa muhogo wa nazi. "Tumeuacha nyumbani," akaninong'oneza, "tumeufuata huku." Jioni tulipofika hotelini, pwani nje ya mji, tukakaribishwa kwa kisahani cha korosho. Mama, mwenye shamba la mikorosho, alizihesabu kwa kidole. Zilikuwa nane. Akamwangalia mhudumu kwa huruma ya kweli, akafungua ratiba yangu na kumwongezea zake.

Nilivumilia, kwa sababu siku ya pili ndiyo ilikuwa yenyewe. Ratiba ilisema: saa tatu asubuhi, bahari; saa nane mchana, gari la kuturudisha mjini, kwa maana boti yetu ilikuwa alasiri hiyohiyo.

Saa tatu kamili nikamshika mama mkono, nikampeleka ufukweni, nikasema, "Haya, mama."

Bahari haikuwepo.

Kulikuwa na mchanga, madimbwi, majani ya kijani, mashua zimelala ubavu, na mbali sana mstari mweupe. Mama alitazama kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa mtoto asiye mzuri.

"Yamekwenda wapi?" akauliza.

Nikamfuata mlinzi wa hoteli kama vile yeye ndiye aliyeyaficha. "Maji yashatoka, kaka," akasema. "Yatarudi alasiri. Hukuuliza?"

Sikuuliza. Nina shahada mbili, na katika ukurasa mzima wa ratiba sikukumbuka kwamba bahari nayo ina ratiba yake. Nikaanza kumweleza mama habari za mwezi na mvutano wake. Hakuwepo. Alikuwa ameshaingia mchangani na viatu vyake vya plastiki vya shamba, dumu kichwani, anaelekea kwenye ule mstari mweupe.

"Mama, magoti! Daktari alisema usitembee mbali!"

"Magoti ni yangu. Na lini mimi nimeyafuata maji yakawa karibu?"

Nikamfuata kwa kandambili mpya. Mkanda wa kushoto ulikatika hatua chache mbele, kisha nikakanyaga kitu chenye miiba. Nilipomfikia, nikichechemea, alikuwa amezungukwa na wanawake watano wanaofunga mwani kwenye kamba, maji yakiwafika kwenye vifundo vya miguu.

"Bibi, wauza maji?" mmoja alikuwa anauliza.

"Siuzi. Nimetoka nayo Newala."

"Newala ndiyo wapi?"

"Juu."

Wakaangua kicheko. "Na huyo anayechechemea?"

"Mwanangu. Amesoma chuo kikuu."

"Kasoma nini?"

"Hata sijui. Bahari hakusoma."

Chupa yao ya maji ilikuwa imeisha tangu asubuhi. Mama akawamiminia kikombe kimoja kimoja, naye akijinywea, mpaka dumu likawa tupu. Mimi sikupewa. Kisha akawaambia alichokuja kutafuta. Mwenye umri mkubwa akamshika kiwiko, akampeleka mbele zaidi, taratibu, hadi maji yakamfika magotini. Akamwacha hapo.

Nikatoa simu. "Mama, geuka nikupige picha."

"Niache."

Saa sita ikapita. Nikamwambia gari litakuja. Saa nane nilisikia honi kutoka hotelini, ndefu, halafu fupi, halafu hakuna. Ratiba ilikuwa imelowa mfukoni. Boti ilituacha, na mama yangu alikuwa amesimama tu, amenipa mgongo, hafanyi chochote. Nikiri kwamba nilikuwa na hasira kiasi cha kutaka kumvuta.

Maji yenyewe ndiyo yaliyomrudisha. Yalipofika kiunoni wanawake wakamwita, akageuka, akalizamisha dumu mpaka likajaa, akanikabidhi.

"Beba."

Nililibeba. Kwenye boti ya kesho yake, kwenye basi, lile dumu linavuja kwenye nailoni na kunilowesha suruali, mguu wangu umevimba kwa ile miiba. Kupanda Makote nililibeba begani, maana mama alisema mwenye magoti mabovu ni yeye.

Majirani, wanawake wa rika lake, walikuwa wanatusubiri uani. Hakuna aliyeuliza habari za milango ya nakshi. Mama alileta beseni, akamwaga maji yote, akavuta kigoda.

"Haya, mmoja mmoja. Vua viatu. Hamkuyabeba."

Wakaingia, mguu wa kwanza, mguu wa pili, wazee watu wazima wanacheka kama wasichana. Nilisimama pembeni nikijisugua bega.

"Mbona ya moto?" mmoja akalalamika.

"Mwulize aliyeyabeba," mama akasema.