Hifadhidata Yenye Mbio

Yaya, yaani dada yangu mkubwa, anasimamia zahanati ndogo hapa Lubumbashi, katika mtaa uitwao Kenya. Yeye ndiye aliyewaambia wauguzi waache kuandika kwenye kaye, yale madaftari ya karatasi, kwa kuwa mdogo wake, fundi wa kompyuta, amewatengenezea programu. Fundi mwenyewe ni mimi, na siku zile kichwa kilikuwa kimenivimba.

Nilikuwa nimepambanisha hifadhidata mbili. Nilizirushia maombi kwa mpigo, kana kwamba wauguzi mia wanabonyeza pamoja. Zahanati ina wanne. Ya kwanza haikujibu "Tayari" mpaka imeandika kwenye diski. Ya pili niliiruhusu ijibu kwanza, iandike baadaye kidogo. Ikashinda kwa mbali kwa kasi, nami nikapigia matokeo mistari miwili, nikaiweka hiyo zahanatini. Majaribio yote niliyafanyia kazini kwangu, ambako jenereta hainyamazi. Kuchomoa waya nione kitakachotokea hakukunijia akilini, mimi niliyekulia Lubumbashi, mji wa umeme wa kukatika!

Siku moja, adhuhuri, yaya aliniita. Asubuhi umeme ulikuwa umekatika, kompyuta ikazimika. Likapotea andiko moja tu, la mwisho. Nilimkuta kando ya kitanda cha mtoto mwenye malaria kali. Kompyuta ilionyesha sindano ya jana, ya asubuhi haikuwamo. Muuguzi wa zamu alikuwa ameshaenda nyumbani, simu yake imezimwa, na mama wa mtoto asubuhi hiyo alikuwa ametoka kutafuta uji.

"Banamupatia sindano, ao bado?" mama akauliza.

Kumchoma mara mbili ni hatari, kumwacha bila dawa ni hatari.

Nikapanda pikipiki hadi mtaa wa Kamalondo, anakokaa muuguzi, nikamkuta akifua nguo.

"Nilimupatia," akasema. "Na ordinatere, ile kompyuta yako, ikaniambia 'Tayari.' Kuko nini?"

Nikageuza pikipiki.

Niliporudi na jibu, mama alikaa chini sakafuni akalia. Yaya alifungua kabati, akatoa kaye ya zamani, akaandika sindano ya asubuhi kwa mkono wake. Hakuinua macho.

"Ile ingine, yenye ulisemaka inachelewa, ingechunga andiko ya asubuhi?"

"Ndiyo, yaya."

Akamaliza mstari, akaufunika wino kwa kiganja.

"Sasa nani alikuambia sisi tuko na mbio?"